Mchezo wa Mjukuu Wangu

Ndugu msomaji, mzee wa miaka sabini na mitano anapokwambia kwamba jioni, baada ya taarifa ya habari, hukaa mbele ya televisheni akicheza gemu ya Wajapani, una haki ya kucheka. Cheka kwanza, kisha tuendelee. Mimi mwenyewe ningecheka zaidi yako, kwa sababu katika miaka thelathini na sita niliyofanya kazi ya ualimu sikuwa na adui mkubwa kama gemu, ukiacha utoro na mimba za utotoni.

Nilitoka chuo cha ualimu kule Rungwe mwishoni mwa mwaka 1973, kijana mwenye vyeti viwili na suruali mbili. Nilistaafu mwaka 2010 nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Katika miaka ya tisini vilipoingia vile vigemu vidogo vya mkononi vya kupanga matofali, nilivikamata na kuvifungia kabatini. Kimoja nilikiponda kwa jiwe mbele ya wanafunzi wote wakiwa mstarini asubuhi. Mwenye nacho alikuwa mtoto wa darasa la tano. Hakulia, alitazama vile vipande tu. Wakati huo nilidhani nimetoa fundisho.

Vilipokuja vibanda vya gemu nilizidi kuwa mkali. Anayeujua mji wetu wa Tunduma anajua kwamba ni mji wa kungoja. Malori hungoja kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, madereva hungoja karatasi zao, mawakala hungoja madereva, na watoto wa mji, kwa kuwa kila mtu anangoja, hutafuta pa kungojea na wao. Pakapatikana vibanda: chumba kimoja cha mabati, televisheni mbili tatu, mashine za PlayStation, benchi, na shilingi mia mbili kwa mechi. Nilikuwa nikipita na fimbo saa za masomo kuwatoa wanafunzi wangu mmoja mmoja. Huko walikuwa wakicheza mpira tu. Gemu nitakayoisimulia hapa haifai kibandani, maana huwezi kumtoza mtu kwa mechi katika hadithi inayochukua saa arobaini au zaidi kuimaliza.

Mashine iliingia nyumbani kwangu mwaka 2020. Mjomba wake mjukuu wangu, yaani mwanangu wa tatu, aliinunua kwa mwenye kibanda aliyekuwa anafunga biashara. Ilikuwa PlayStation 2, mashine iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000 na ambayo dunia nzima ilinunua zaidi ya milioni 150. Ilikuja na pedi mbili, moja kitufe chake kimekwama, memori kadi moja, na mfuko wa diski. Diski karibu zote zilikuwa za mpira. Moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: FINAL FANTASY X.

Yote haya yalitokea shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Zilifungwa tarehe 17 Machi, na kidato cha pili, ambako mjukuu wangu alikuwa, hawakurudi hadi mwisho wa Juni. Mwezi Mei Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na foleni ya malori ikarudi nyuma barabarani hadi watu wakaacha kuihesabu. Kijana wa miaka kumi na tano, hana shule, hana mama, na babu yake ni mwalimu mkuu mstaafu: nadhani unaweza kuelewa kwa nini nililegeza kamba. Niliweka sharti moja. Maneno yote ya gemu ile ni ya Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichokuwa kinamsumbua tangu atoke shule ya msingi, ambako sisi tuliwafundisha kila kitu kwa Kiswahili kisha tukawasukuma kidato cha kwanza kama mtu anayesukumwa mtoni ili ajifunze kuogelea. Basi nikamwambia atacheza, lakini kila neno asilolijua atalitafuta katika kamusi yangu ya TUKI ya mwaka 1996, na mimi nitakaa pembeni nione. Ndivyo nilivyoanza, kama msimamizi wa mtihani.

Kwanza niseme gemu hii ni kitu gani, kwa faida ya wenzangu wa umri wangu. Final Fantasy ni mfululizo ulioanzishwa mwaka 1987 na Mjapani aitwaye Hironobu Sakaguchi, katika kampuni ya Square. Hadi mwaka 2023 zilikuwa zimefika namba kumi na sita, na kila namba ina hadithi yake, watu wake na dunia yake, kama vitabu vya mwandishi mmoja. Mchezaji hapigi mpira wala hashindani na jirani. Anaongoza kundi la watu wanaosafiri, wanaopambana na mazimwi njiani, wanaoongezeka nguvu kidogo kidogo, huku hadithi ikisonga mbele. Namba kumi ilitoka mwaka 2001, na ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo ambamo watu wanasema kwa sauti zao wenyewe.

Hadithi inaanza mwishoni. Kundi la watu limekaa kimya kuuzunguka moto, jioni, mbele ya magofu ya mji uitwao Zanarkand. Silaha zao zimechomekwa ardhini. Hakuna anayesema. Piano inapigwa polepole, muziki wa Nobuo Uematsu. Kisha kijana mmoja anainuka, anamgusa msichana begani, anapanda kilimani, na anasema kwa moyo wake kwamba anataka kuieleza habari yao yote, maana huenda hii ikawa nafasi ya mwisho. Nilimwambia mjukuu wangu, “Hawa wako msibani.” Akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba wanaume wanaokaa namna ile kuuzunguka moto, bila kupika na bila kuota baridi, wako msibani. Akasema, “Babu, ni gemu tu.” Akabonyeza kitufe.

Kijana yule anaitwa Tidus, mchezaji hodari wa mpira unaochezwa ndani ya maji. Mji wake unavamiwa na dude kubwa la baharini liitwalo Sin, yaani Dhambi, naye anajikuta katika nchi nyingine, Spira, ambako anaambiwa kwamba mji wake uliangamia miaka elfu moja iliyopita. Huko anakutana na msichana Yuna. Kazi ya Yuna ni mwitaji: anakwenda hija kutoka hekalu hadi hekalu, akipata nguvu za kuita viumbe wakubwa, mpaka afike Zanarkand apewe uwezo wa mwisho wa kumshinda Sin. Baba yake alifanya hivyo hivyo miaka kumi iliyopita. Anafuatana na walinzi, na Tidus anakuwa mmoja wao.

Kilichonivuta kwanza, nakiri, ni jinsi wanavyopigana. Nilitazamia fujo za vidole, vitu ambavyo vidole vyangu vimekwisha kuvisahau. Kumbe sivyo. Katika namba hii zamu zimepangwa pembeni mwa kioo: nani anafuata, kisha nani, kisha zimwi. Ikifika zamu yako mchezo unasimama. Unaweza kufikiri, ukanywa chai, ukapokea simu, ukarudi. Zimwi limesimama palepale linakungoja. Ni kama bao. Mzee wa bao haharakishwi, naye akipiga kete amekwisha kuona mahali zitakapolala. Wiki ya pili nilikuwa nimeacha kusimamia, nashauri: “Usimtumie huyo, mtoe, mwingize yule mwanamke wa uchawi, hilo ni zimwi la maji, lipige kwa radi.” Wiki ya tatu nilishika pedi mwenyewe. Nilipewa ile yenye kitufe kilichokwama.

Jambo la pili ni la kialimu. Katika Spira wako watu wanaoitwa Al Bhed, wenye lugha yao. Wanaposema, maandishi yanayoonekana chini ya kioo ni herufi zilizovurugwa, huelewi kitu. Lakini njiani zimetawanyika juzuu ishirini na sita za kitabu cha kujifunzia, na kila juzuu inakufundisha herufi moja. Ukiokota moja, kuanzia hapo herufi ile inaonekana sawasawa katika maneno yao, nyingine bado ni mchanganyiko. Ukiokota ya pili, ya tatu, maneno yanaanza kujitokeza kama milima ya Mbozi ukungu unapoondoka asubuhi. Ndugu msomaji, nimefundisha darasa la kwanza kusoma kwa miaka mingi, na sijawahi kuona chombo kinachomwonyesha mtu mzima vizuri hivyo jinsi mtoto anavyoanza kusoma. Kama ningekuwa bado chuoni ningewatazamisha wanachuo wote.

Hao Al Bhed wanachukiwa. Imani ya Spira, iitwayo Yevon, inafundisha kwamba Sin ni adhabu kwa sababu watu wa zamani walitegemea mno mashine, na Al Bhed bado wanatumia mashine. Mlinzi mmoja, Wakka, mtu mwema kabisa, mchezaji mwenza, mwenye huruma kwa watoto, anageuka mawe akisikia jina lao. Baadaye inaonekana kwamba wakubwa wa dini yenyewe wanazo mashine katika mji wao mtakatifu. Hapo mjukuu wangu alinitazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa amesikia kwa wajomba zake habari za mwalimu mkuu aliyeponda gemu ya mtoto kwa jiwe, huku yeye ana redio ofisini ya kusikilizia Simba na Yanga. Babu na mjukuu ni watani, nikanyamaza.

Na kuna jambo la wafu. Katika Spira mtu akifa bila kusindikizwa, roho yake haiendi. Inabaki, inawaonea wivu walio hai, na mwishowe inageuka zimwi. Kwa hiyo mwitaji huwasindikiza. Kijiji cha Kilika kinapopigwa na Sin, Yuna anatembea juu ya maji, peku, anacheza polepole na fimbo yake huku majeneza yako chini ya maji, watu wamesimama kando wanalia. Mjukuu wangu alikuwa na tabia ya kuruka mahali penye maelezo marefu, lakini pale hakuruka. Alipomaliza aliuliza, “Babu, asiyekuwepo kwenye kusindikiza inakuwaje?” Nilidhani anauliza habari ya gemu. Nikamwambia sijui, tutaona mbele.

Niwaeleze pia habari ya umeme, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa gemu hizi zinavyochezwa kwetu. Mchezo haujihifadhi wenyewe. Njiani kuna tufe linalong’aa; ukilifikia, majeraha yanapona na unaweza kuhifadhi ulipofika katika memori kadi. Kati ya tufe na tufe uko mikononi mwa Mungu na wa umeme. Mara moja tulipoteza saa mbili nzima na zimwi kubwa tulilokwisha kulishinda. Kijana aliingia chumbani asile usiku ule. Tangu siku hiyo neno la nyumbani likawa “Umesevu?” Hata bibi yake, aliyekuwa hajui Sin wala Yuna, alikuwa akiliuliza akisikia upepo unavuma.

Sasa nifike pale ninapopaswa kufika.

Ilikuwa mwezi wa Juni, karibu shule zifunguliwe. Kundi letu lilifika jangwani, kwenye makao ya Al Bhed. Ilikuwa imejulikana kwamba Al Bhed wanawateka waitaji na kuwafungia, na kila mtu alidhani ni uovu wao. Makao yale yanashambuliwa, moto kila mahali, na ndani ya chumba walimofungiwa waitaji ndipo Tidus anapopata ukweli. Mwitaji anayefika mwisho wa hija na kuita ule uwezo wa mwisho hufa. Kila mmoja hufa. Baba yake Yuna alikufa hivyo. Al Bhed waliwateka waitaji ili wasife. Hao makafiri ndio pekee walioona kwamba jambo hili halivumiliki. Yuna alijua tangu siku ya kwanza. Wakka alijua. Lulu, yule mwanamke wa uchawi, alijua. Wote walijua isipokuwa Tidus, mgeni, ambaye safari nzima amekuwa akimchangamsha Yuna: twende upesi Zanarkand, tumshinde Sin, tukimaliza tutafanya hiki na kile. Na yeye alikuwa akitabasamu tu. Kijana anapiga ngumi chini kwa aibu ya yale maneno yake mwenyewe.

Mjukuu wangu aliweka pedi sakafuni. Hakuhifadhi. Aliinuka akazima mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kufika kwenye tufe. Akasimama akiitazama televisheni iliyozimwa.

“Babu,” alisema, “mpishi wa kambi naye alijua?”

Nilielewa palepale.

Mama yake, binti yangu wa pili, aliugua saratani. Mwezi Juni mwaka 2018 madaktari wa Mbeya walituambia sisi wazazi kwamba hakuna tena la kufanya ila kupunguza maumivu. Kijana alikuwa darasa la saba, tegemeo la shule, na mtihani wa taifa ulikuwa Septemba. Nilikiita kikao cha familia, nikakiongoza mimi, na hoja niliitoa mimi: mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani. Hakuna aliyenipinga. Nani angempinga mwalimu mkuu katika jambo la mtihani? Nami nilikuwa nimefanya hivyo kwa watoto wa watu wengi. Katika kazi yangu niliwahi kuzuia barua, kuzuia wajomba langoni, kuwaambia wazazi wangoje hadi Ijumaa. Niliamini kwamba msiba unaweza kungoja na mtihani hauwezi.

Agosti watoto wa darasa la saba wakaingia kambini, wakilala shuleni. Binti yangu alifariki siku chache kabla ya mtihani. Tulimzika kijijini kwetu Mbozi. Kijana alikuwa Tunduma kambini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, anafanya masomo ya marudio. Walimu walijua, mlinzi alijua, mpishi alijua. Tulimpa habari Ijumaa, baada ya karatasi ya mwisho, nyumbani kwangu, tukiwa tumemkalisha kati ya bibi yake na mimi. Alilia kidogo, akanyamaza. Alifaulu. Niliwahi kuwaambia watu, Mungu anisamehe, kwamba uamuzi ule ulimsaidia.

Basi jioni ile alisimulia, akiwa amesimama vilevile. Jumanne ya wiki ya mtihani mpishi alimwekea vipande vitatu vya nyama, wenzake kimoja kimoja. Alidhani ni bahati. Aliwaonyesha wenzake akijisifu. Na siku ya wazazi kutembelea kambi, mwezi Agosti, mama yake aliletwa na gari, amefunga kitenge na kuvaa sweta ingawa kulikuwa na jua. Yeye akamwambia nikifaulu unipeleke Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, tukae upande wa dirishani, tupite kwenye yale mahandaki, tufike tuone bahari, na wewe mama hujawahi kuiona bahari. Alizungumza hivyo nusu saa nzima. Mama yake alicheka, akasema tutakwenda.

“Alikuwa anajua,” mjukuu wangu alisema. “Mimi naongea habari za treni, na yeye anajua. Na wewe Babu ulikuwa umesimama palepale, unajua.”

Nilikuwa nimesimama palepale. Nakumbuka hata niliitikia habari ya mahandaki, nikaongeza kwamba reli ile Wachina waliimaliza mwaka 1975.

Yapo maneno ambayo mzee huwa nayo kwa nyakati kama hizo, na nilikuwa nayo mdomoni: tulifanya kwa ajili yako. Niliyatazama nikaona ni yale yale ya watu wa Spira. Badala yake nikamwambia jambo ambalo hata bibi yake hakulijua. Katika siku zake za mwisho binti yangu alibadili mawazo. Usiku mmoja, mimi na yeye tu, aliniambia, “Baba, mniletee mwanangu.” Nikamwambia zimebaki siku sita, vumilia, mtoto asivurugike. Akasema, “Haya, Baba.” Alilelewa kutii. Siku ya pili yake aliniuliza zimebaki ngapi. Hakufika.

Niliyasema hayo nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mjukuu wangu amesimama, jambo ambalo katika mila zetu haliko sawa, mkubwa kukaa chini ya mdogo na kueleza makosa yake. Sikumwomba asamehe, sikujua ningeanzia wapi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, “Alikuwa anaweza kula?” Nikamwambia uji wa ulezi, na mwishoni maji ya machungwa. Akauliza sweta alilozikwa nalo ni lile la siku ya kambi. Nikamwambia ndilo. Aliuliza mambo kama hayo mpaka usiku wa manane, madogo madogo, nami nilijibu kila moja. Nyakati za nyuma nilikuwa nikidhani mtoto huyu hana maswali.

Jumapili tulikwenda Mbozi, sisi wawili. Alikaa kaburini peke yake, mimi nikangoja barabarani. Sijui alifanya nini huko na sikumwuliza.

Tulirudi kwenye gemu baada ya siku kama tano. Ilibidi turudie jangwa lote kwa sababu hakuhifadhi. Nilitazamia ataliruka lile eneo la chumba cha waitaji, hakuliruka. Na tulipofika Zanarkand, mahali pale pa moto tulipoanzia, tukajua jambo la pili lililofichwa: kwamba sadaka yenyewe haimalizi kitu. Sin hurudi. Mwitaji hufa, watu hupumzika miaka michache, na kila kitu huanza upya. Yunalesca, roho ya mwitaji wa kwanza kumshinda Sin, anawaambia kwamba tumaini lile, hata kama ni la uongo, ndilo linalowafanya watu wavumilie, kwa hiyo wachague nani afe. Na wanakataa. Yuna mwenyewe, aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya tumaini hilo, anakataa kuwapa watu tumaini la uongo. Hapo inabidi kumpiga Yunalesca, na yule mama ni mgumu ajabu. Ana maumbo matatu. Katika lile la tatu hurusha pigo linaloua kila mmoja ambaye hajapatwa na laana ya kuwa mfu anayetembea. Yaani ule ugonjwa uliokuwa ukihangaika kuutibu ndio kinga. Tulishindwa mara nne kabla ya kulijua hilo. Mara ya tano kijana alipiga kelele hata jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi.

Shule zikafunguliwa, gemu ikabaki kwangu. Baadaye aliniletea namba saba, ya mwaka 1997, ambayo mashine ile inaisoma vilevile. Inapendwa sana duniani, na kwa sehemu naelewa. Humo yumo msichana muuza maua, Aerith, anayeuawa mwishoni mwa diski ya kwanza kwa upanga, ghafla, hujaagana naye. Hakuna aliyejua, si kundi, si mchezaji uliyempa mavazi bora ukidhani utakuwa naye hadi mwisho. Kifo cha namna hiyo kinauma, lakini hakina wa kulaumiwa nyumbani. Mimi naona namba kumi ina uzito zaidi. Vijana, nasikia, wanabishana juu ya hili, nami nimetoa kura yangu. Tena zamu za namba saba hazikungojei, saa inakwenda, na vidole vyangu vimeshindwa. Kuhusu kimondo kikubwa kinachotishia kuiangamiza dunia humo, sisi watu wa Mbozi hatutishiki upesi. Chetu kipo pale Ndolezi, wataalamu walikitambua mwaka 1930, na mbuzi hulala kivulini pake.

Ipo pia ile iliyoiendeleza namba kumi, ya mwaka 2003, ambamo Yuna anaimba nyimbo jukwaani kwa mavazi mafupi. Niliicheza jioni moja nikaiacha. Binti aliyetembea juu ya maji kusindikiza wafu, sikupenda kumwona akianza kwa kucheza muziki, ingawa mjukuu wangu anasema alistahili kupumzika, na huenda anasema kweli.

Treni tulipanda, yeye na mimi, likizo yake ya kidato cha tatu. Alikaa dirishani. Kwenye mahandaki hakusema kitu, na tulipofika Dar es Salaam alikwenda moja kwa moja ufukweni akasimama majini hadi magotini, viatu mkononi.

Sasa yuko chuo cha ufundi Mbeya, anasoma mambo ya umeme. Mimi nairudia namba kumi tangu mwanzo, peke yangu, na pedi nzuri. Nimeokota juzuu kumi na tisa za Al Bhed. Saba zimenipita, na nyingine haziokoteki tena kwa sababu mahali zilipokuwa pameungua. Jioni nikikwama humpigia simu. Juzi nilikuwa tena mbele ya Yunalesca, nikamweleza hali yangu: wawili wamekufa, mmoja ana laana, dawa zimekwisha.

“Shikamoo Babu. Usimtibu huyo mwenye laana.”

“Marahaba. Simtibu. Nakumbuka.”

“Na huko nje kukoje? Kuna upepo?”

Nikatazama dirishani. Miti ilikuwa inayumba, na taa za malori zilikuwa zimepanga mstari hadi mpakani.

“Upo kidogo.”

“Ulisevu kabla ya kuingia?”

Nikamwambia nilisevu.